Mita ya Mbao na Siku Ishirini na Sita

Shangazi yangu,

Kuna sauti moja imenikaa masikioni tangu uondoke. Si ya vilio vya siku ile, wala si ya wanaume wakileta shahada walipokuinua kukutoa nyumbani. Ni ya mita yako ya mbao, ile ya kupimia vitambaa, ikigonga meza ya duka. Tak. Mara moja tu, kavu, kwa ile ncha yenye shaba. Wateja walidhani unaua nzi. Mimi nilijua kwamba nimetamka neno ambalo siwezi kulieleza.

Nilikuwa nakaa juu ya robota la vitenge, bado nimevaa sare ya shule, daftari limefungwa magotini, kwa sababu sharti lako lilikuwa hilo, daftari lifungwe. Nikianza, "Osmosisi ni mwendo wa maji kupitia utando," mita inalia. Utando ni kitu gani? Nionyeshe hapa dukani. Nami natafuta kwa macho kati ya kanga na vitambaa vya magauni ya gomesi, huku wewe unampimia mteja mita zake sita bila kuinua uso. Hukuwahi kunisaidia kupata jibu. Uliacha shule darasa la tano, Kiingereza ulikiacha hukohuko, kwa hiyo sikuweza kujificha nyuma yake. Mbele ya walimu wangu neno la Kiingereza linatosha. Mbele yako ilinibidi niwe na kitu chenyewe.

Baba anasema wafu hatuwaandikii, tunawaombea. Nakuombea, Shangazi, kila sala. Lakini zipo habari ambazo haziingii kwenye dua, na wewe ulipenda habari. Naandika kwenye kurasa za nyuma za daftari ambalo silihitaji tena. Nitakueleza kwa nini silihitaji.

Kwanza ya nyumbani. Duka la pale sokoni Kikuubo anafungua Mama sasa. Anapima kwa mkono mlegevu, kila mita anaongeza upana wa vidole viwili, na wateja wako wamegundua. Wanakuja kwa wingi, wanamwita Hajati kama walivyokuita wewe, ingawa Makka hajafika. Yule mama wa Kikongo aliyekuwa anachukua vitenge vya maua makubwa alikuja wiki iliyopita, hakuwa amesikia. Mama alipomwambia alikaa kwenye kiti chako bila kuomba ruhusa, kisha akanunua kitambaa ambacho nina hakika hakukihitaji. Kandambili zako bado ziko chini ya meza. Hakuna anayezigusa.

Baba bado anasomesha watoto madrasa pale Nateete kila jioni. Kuna aya akifika sauti inamkatika, na watoto wanaendelea bila yeye mpaka aikute tena. Ulikuwa dada yake wa pekee.

Na mimi. Mimi wiki tatu za kwanza za muhula sikwenda shule. Watu walidhani ni matanga, na matanga yalikuwa sababu ya siku chache za mwanzo. Baada ya hapo nilikuwa navaa sare asubuhi, nakaa kitandani, naivua. Muhula wa tatu wa kidato cha sita, Shangazi. Muhula ambao uliniambia toka Januari kwamba utafunga duka siku ya karatasi yangu ya kwanza, uje kusimama getini. Nilikujibu kwamba wazazi hawasimami getini, tutachekwa. Ukasema wewe si mzazi, wewe ni shangazi, na shangazi anasimama anapotaka.

Niliporudi darasani zilikuwa zimebaki wiki nane kabla ya mtihani. Akello alinipa madaftari yake yote. Unamkumbuka Akello, yule rafiki yangu mrefu, mama yake ni polisi, wanakaa kambini. Ulikuwa unapenda Kiswahili chake cha kambini kwa sababu, ulisema, kinafika haraka kuliko chetu. Nilichukua madaftari yake nikaanza kunakili. Biolojia, kemia, hisabati, kila nilichokosa na hata ambacho sikukikosa. Nilinunua kalamu za rangi nne. Vichwa vya habari kwa nyekundu, maana za maneno kwa kijani, michoro kwa penseli iliyochongwa upya kila ukurasa. Wiki mbili nzima nilinakili. Nilikuwa naamka mapema, naandika, naenda shule, narudi, naandika. Mama alimwambia Baba kwamba mtoto amerudi, anasoma sana. Nami niliamini hivyo. Madaftari manne yalijaa, hili la mwisho likabakiza kurasa za nyuma tu, yote mazuri kama kitu cha kuuzwa.

Wewe ungejua siku ya kwanza. Ungeniambia nifunge daftari.

Unajua ninakotoka na ugonjwa huu. Baba alinihifadhisha juzuu kumi kabla sijamaliza darasa la saba. Nilijifunza kwamba kujua kitu ni kukishika neno kwa neno, pasipo kuongeza wala kupunguza, na kwa Qur'ani ndivyo inavyotakiwa. Lakini nilipeleka mkono uleule kwenye kila kitabu. Nilikuwa nahifadhi kurasa za biolojia kwa mahadhi, Shangazi, nikiyumba kidogo mbele na nyuma, na nilikuwa naweza kukusomea mlango mzima wa figo toka juu hadi chini. Siku nilipokusomea, mwaka jana, uliniacha nimalize. Kisha ukasema, na hukugonga hata meza:

"Rukia, Qur'ani ni maneno ya Mungu, hayaguswi. Figo ni nyama. Niambie inafanya nini."

Nilikasirika. Nilikuwa nimesoma kurasa nne bila kukosea.

Siku mbili baada ya kumaliza kunakili, Madamu Nakato, mwalimu wetu wa biolojia, alitupa jaribio. Swali la mwisho lilikuwa na alama ishirini. Mwanamke wa makamo amekuja hospitali. Asubuhi anaamka uso umevimba, jioni miguu imejaa, akibonyeza kidole shimo linabaki. Mkojo wake una povu. Eleza nini kinatokea mwilini mwake. Nililiona neno figo kabla hata halijaandikwa, na nikafurahi, naapa nilifurahi, kwa sababu mlango ule nilikuwa nao wote. Nikaandika. Sehemu za figo, mishipa inayoingia, mishipa inayotoka, kila mrija na jina lake, mchoro wenye maelezo pande zote. Kurasa nne na mstari. Nilimaliza kabla ya wenzangu nikakunja mikono.

Nilipata tatu kati ya ishirini. Chini yake Madamu Nakato aliandika kwa wino mwekundu kwamba nimejibu vizuri swali ambalo hakuuliza.

Sikulia. Nilimwonyesha Akello nikitumaini atasema mwalimu ameonea. Alisoma jibu langu lote, kurasa zote nne, akiwa amesimama pale nje ya maabara anakula kabalagala, vile vikate vya ndizi, kisha akanirudishia.

"Rukia, hii mama alikuja hospitali, wewe umempatia ramani."

Halafu, kwa kuwa ni Akello na hawezi kuacha kitu katikati, akaongeza, "Unasoma kama redio. Inaongea tu, haisikii mtu."

Nilipanda teksi kurudi nyumbani na maneno hayo. Nilikuwa nimefika karibu na soko la Nateete nilipomtazama yule mwanamke wa kwenye swali kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimemwandikia kurasa nne bila kumtazama. Uso umevimba asubuhi. Miguu imejaa jioni. Shimo linabaki.

Shangazi, alama za kamba za kandambili zako zilikuwa zinabaki kwenye miguu yako mpaka wakati wa kulala. Nilikuwa naziona kila jioni. Ulikuwa unavua viatu chini ya meza, unaweka miguu juu ya robota, pembeni yangu, karibu na daftari langu. Ulisema ni ngazi za Kikuubo. Asubuhi ulikuwa na macho madogo, ukasema ni usingizi. Nami nilikuwa nimekaa hapo, nakusomea figo.

Na kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Siku ileile uliposema figo ni nyama, uliniuliza swali baadaye, tukifunga duka. Uliuliza polepole, umenipa mgongo, unakunja kitambaa. "Na ikikataa kazi, mtu anajuaje?"

Nikakujibu kwamba hiyo haijafika, tutaisoma muhula ujao.

Ukasema haya.

Sijui kama ulikuwa unamuuliza mwanafunzi au unamuuliza daktari. Nimelizungusha swali hilo kichwani mpaka limeniumiza, na sasa nimeamua kulishusha, kwa sababu halinipeleki popote. Uliumwa presha miaka mingi, pengine ilikuwa imechelewa tayari. Pengine haikuwa. Ninachojua ni kwamba mtu aliniuliza swali la kweli, nami nikamtajia muhula.

Siku ya arobaini yako tulisoma dua nyumbani. Nyumba ilijaa. Kesho yake Baba aliniita kwenye mkeka wake, akanipa bahasha. Ndani kulikuwa na barua kwa mkuu wa shule, kwa mwandiko wake ule wa kuegemea kulia, kwamba binti yake amefiwa na aliyemlea, amekosa masomo, familia inaomba aahirishe mtihani mpaka mwakani. Alikuwa ameona karatasi ya alama tatu. Niliiacha mezani makusudi, nadhani, nikitaka mtu aione.

Sikumwona mkali hata kidogo. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mkali. Alisema mtihani upo mwakani pia, na kwamba haoni fedheha yoyote mtu kukaa na huzuni yake mwaka mmoja. Alisema mimi ndiye nitaamua kama barua ifike au isifike. Nadhani alikuwa ananiambia kitu alichotamani mtu amwambie yeye.

Nikaitia bahasha kwenye mkoba wangu wa shule. Niliibeba wiki nzima. Kila asubuhi nilipita mbele ya ofisi ya mkuu, nikaendelea kutembea, na kila jioni niliirudisha nyumbani. Nilijiambia naitafakari. Ukweli ni kwamba nilikuwa napumzika ndani yake. Mtu mwenye barua kama ile mkobani hahitaji kujua chochote kwa Novemba hii.

Jumamosi nilikwenda Kikuubo kumsaidia Mama. Kulikuwa na mvua, njia zimejaa maji, wateja wachache. Mama alikuwa nyuma anapanga mizigo. Nilikaa juu ya robota langu. Kiti chako kilikuwa kitupu, mita imeegemea pembeni yake pale ulipokuwa unaiweka. Sikupanga kufanya nilichofanya. Nilifunga daftari, nikaliweka magotini, nikaanza kukueleza.

Nikaanza kwa maneno ya kitabu na nikasikia mita. Si kwa masikio, sijawa mwendawazimu. Lakini niliposema "uchujaji" nilijua hasa mahali ambapo ungegonga, nikasimama. Nikaanza upya. Nikagongwa tena. Nilijaribu mara tano, sita. Kisha nikaona kamba nyuma ya duka, ambako Mama huanika kile kitambaa cheupe cha kuchujia tui akishakifua, kwa sababu Jumamosi bado tunapika wali wa nazi kama ulivyotuzoesha.

Nikasema, Shangazi, figo ni kama kitambaa cha tui. Damu inamiminwa juu yake kutwa. Kikiwa kizima, maji na uchafu vinapita, na hapa ni kinyume cha nazi, vile vinono vya damu vinabaki juu. Presha ikiwa inakisukuma miaka na miaka, kitambaa kinachoka. Kinalegea nyuzi. Sasa vinono vinaanza kupita navyo, vinatoka na mkojo, ndiyo maana unatoa povu. Na vile vinono ndivyo vilivyokuwa vinavuta maji yakae ndani ya mishipa. Vikipungua, maji hayana wa kuyavuta. Yanatoka nje ya mishipa, yanakwenda kukaa kwenye nyama. Mchana umesimama, yanashuka miguuni. Usiku umelala, yanapanda usoni. Ukibonyeza kidole, unayasogeza tu, shimo linabaki.

Nikamaliza. Meza ilikuwa kimya.

Mama alikuwa amesimama na robota mikononi. Sikujua alianza kusikiliza lini. Alilishusha, akakaa juu yake, akasema:

"Kumbe ndicho kilichokuwa kinamla wifi yangu."

Hospitali walikuwa wamewaeleza, alisema, Baba akaitikia kwa kichwa, yeye akaitikia kwa kichwa, na hakuna aliyeuliza tena kwa sababu maneno yalikuwa makubwa na daktari alikuwa na watu wengi wa kuhudumia. Siku hamsini karibu tumekulilia nyumba nzima bila kujua umekufa na nini. Mama aliniomba nirudie tena, pale pa vinono. Nikarudia. Akaniuliza kama chumvi ndiyo iliyoleta. Nikamwambia chumvi inasaidia kuleta presha, kisha nikamwambia sehemu nyingine sijui, nitasoma nimwambie. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka huu mtu kuniuliza jambo la biolojia nami nikataka kulijua kabla ya kutaka alama zake.

Tangu hapo nasoma namna nyingine, na nataka ujue namna gani, kwa kuwa nusu yake ni yako.

Nilichukua karatasi moja ndefu nikaandika mada zote za masomo yote matatu, mstari kwa mstari. Kisha nikajijaribu kila mada daftari likiwa limefungwa, dakika mbili, kwa Kiswahili cha dukani. Ninazoweza kuzieleza nikaziwekea alama. Ninazoweza nusu nikaziwekea nukta. Nyingine nikaziacha tupu. Zilikuwa tupu nyingi, Shangazi, hata zile ambazo zina rangi nne kwenye madaftari yangu. Hasa hizo, ndiyo maana daftari hili silihitaji tena. Niliitazama ile karatasi nikaona mara moja kwamba siku zilizobaki hazitoshi mada zote. Wewe usingekubali kumkatia mteja gomesi ya mita sita kwenye kitambaa cha mita nne, ungemwambia ukweli. Kwa hiyo nimekata. Mada tatu za kemia na moja ya hisabati sizisomi. Nilizikata kabisa kwenye karatasi, na niwie radhi, nilitumia mkasi wako mkubwa, ule ambao haukuruhusiwa kugusa kitu chochote isipokuwa nguo. Nilitaka niogope kidogo wakati nakata.

Kila siku nachukua swali la mitihani ya nyuma, naweka saa, naandika, naacha saa ikilia. Jioni Akello anakuja dukani kabla hatujafunga na tunapeana zamu. Mmoja anaeleza, mwingine anashika mita. Anaigonga kwa nguvu kupita kiasi, tabia ya kambini, Mama amemwonya kuhusu meza. Juzi nilimgonga mara nne kwenye sentensi moja akaniambia, "Wewe mbaya kuliko ile maiti yako," kisha akajishika mdomo. Nilicheka mpaka nikainama. Najua nawe ungecheka. Ungemwambia maiti anamsalimia.

Siku nyingine si nzuri. Jumanne nilirudia mada niliyokuwa na hakika nayo nikaikuta imeondoka yote, kama sijawahi kuisoma. Nilitaka kalamu zangu za rangi. Nilitaka kunakili kitu kizuri, taratibu, nisiulizwe. Nikaenda kwa Baba badala yake, nikamuuliza alivyokuwa anatuzuia tusisahau juzuu za zamani tukiwa watoto. Nilikuwa najua. Nilitaka kumsikia akisema. Alisema kila anayehifadhi anapoteza, si kosa, ndiyo maana kuna murajaa: asubuhi kabla ya kupokea aya mpya unasoma ya jana, na ya wiki iliyopita, na kipande cha zamani. Kisha akanitazama akauliza kwa nini. Sikumjibu siku ile.

Basi hiyo ndiyo nusu ya Baba. Yeye alinifundisha ninachojua kisinipotee, wewe ulinifundisha kiwe kitu. Mlikaa nyumba moja miaka yote ile na mimi katikati, na sikuwahi kuviweka pamoja.

Shangazi, sasa nifunge. Sitaahidi kwamba nitakuwa daktari, kwa sababu sijui, na ungegonga meza. Naahidi hiki: kila neno nitakaloandika kwenye karatasi ya mtihani litakuwa limepita kwanza Kikuubo, juu ya meza yako, na limetoka bila kugongwa. Na mtu akiniuliza swali, popote, hata akiwa amenipa mgongo anakunja kitambaa, nitamtazama miguu kabla ya kumjibu. Mungu akulaze mahali pasipo na ngazi. Nitakwenda kaburini Ijumaa baada ya sala, nitakusomea, ile sehemu ambayo haiguswi, neno kwa neno.

Na bado hujajua kuhusu barua. Leo alfajiri, Baba alipomaliza nyiradi zake, nilikaa mbele yake kwenye mkeka nikamrudishia bahasha. Sikuifungua tena. Kabla hajasema kitu nikamweleza juu ya kitambaa cha tui, yote, kama nilivyokueleza wewe. Alisikiliza ameinamisha kichwa kama anavyomsikiliza mtoto anayesoma. Nilipofika kwenye vinono alifunga macho. Kisha akauliza kama ulikuwa na maumivu, nikamwambia ninachokijua, kwamba figo zenyewe haziumi mtu sana, zinachosha. Akasema ndiyo, ulikuwa umechoka.

Akaitoa barua ndani ya bahasha, akaigeuza, akasema ni karatasi nzuri na upande wa pili ni mweupe, nisiitupe. Akaniambia kesho saa kumi na moja niwe nimeshatawadha, tutaanza murajaa, yeye na mimi, biolojia, na nisitegemee atanihurumia.

Nimechora ratiba upande ule mweupe. Siku ishirini na sita, kila moja na mstari wake. Nimeibandika juu ya meza yangu, maneno ya Baba yametazama ukuta. Mstari wa kwanza nimeshaukata.

Wako,
Rukia